Tamko la Wasaidizi wa Kisheria wa Kata: Kipigo Hatutakisuluhisha Tena

Sisi wasaidizi wa kisheria wa kata, tuliokutana katika mkutano mkuu wa chama chetu tukiwa na madaftari yetu ya mashauri mikononi, tunatoa tamko hili kwa majirani. Baada yao tunalitoa kwa wajumbe, wenyeviti wa vijiji na mitaa, watendaji wa kata, masheikh, mapadri na wachungaji, makungwi, viongozi wa vikoba, Jeshi la Polisi, vituo vya afya, mahakama, halmashauri na wizara zinazohusika na ustawi wa jamii na sheria. Majirani tumewatanguliza kwa makusudi. Mwanamke anayekimbia nyumba yake saa sita usiku, mtoto mmoja mgongoni na mwingine kamshika mkono, hakimbilii wizarani. Anagonga mlango wa pili.

Tunatamka hivi. Kuanzia siku tamko hili linaposomwa, hakuna mwanachama wa chama hiki atakayekaa katikati ya mtu na mwenzi wake kusuluhisha kipigo. Ugomvi wa matumizi, wa wakwe, wa mahindi yaliyouzwa kimyakimya, tutaendelea kuusikiliza kama zamani. Kupigwa, kukabwa koo, kuchomwa, kuingiliwa kwa nguvu, kufungiwa ndani na kutishiwa kuuawa, hayo hatutayaandikisha tena kwenye karatasi ya makubaliano. Kazi yetu kwa aliyefanyiwa hayo itakuwa kumweka salama, kumsindikiza, na kukaa naye mpaka aamue mwenyewe anachotaka.

Tunamwita mtu huyo manusura. Wengine husema mwathirika, na mahakamani ataitwa mlalamikaji au shahidi wa kwanza. Tumechagua manusura kwa sababu amenusurika, na kunusurika huko ni kazi aliyoifanya peke yake kabla hajatufikia.

Kwanza tukiri la kwetu.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ndiyo iliyotutambua rasmi. Inatupa kazi ya kuelimisha watu, kuwaelekeza kwenye vyombo vinavyohusika na kuwashauri wanaogombana watafute maelewano. Haituruhusu kumwakilisha mtu mahakamani wala kutoza ada. Katika yote hayo, sisi tuliling'ang'ania la maelewano. Kwenye mgogoro wa mpaka wa shamba ni kazi njema, na wengi wetu tuna ustadi nayo: unawakalisha watu, unawapa maji, unaacha hasira ipoe, unatafuta pa kuwakutanisha. Tukaubeba ustadi huohuo hadi vyumbani mwa watu.

Mkutanoni tulisoma madaftari kwa sauti, majina yakiwa yamefunikwa. Miandiko ilitofautiana na kata zilitofautiana, ila shauri lilikuwa moja. Mke amefika amevimba uso. Mume ameitwa, amekuja siku ya tatu, shati limenyooshwa, anawapa wazee wote shikamoo. Anakiri kofi moja tu. Kisha mke anaulizwa alisema nini hadi akapigwa. Hapo ndipo tulipopotea, kila mara, kwenye swali hilohilo. Mama wa watu anatafuta la kujibu, na likipatikana, chakula kilichelewa au simu haikupokelewa, wote waliokaa kwenye mkeka wanashusha pumzi. Sasa yako makosa mawili, na makosa mawili yanasameheka kwa pamoja. Wanaandikishana. Mume anasaini kwamba hatarudia, mke anasaini kwamba atajirekebisha, shahidi ni mjumbe na mzee mmoja wa upande wa mume. Muhuri unagongwa. Kurasa chache mbele majina yaleyale yanarudi, na safari hii jino limetoka.

Funika kombe mwanaharamu apite, walisema wahenga. Wafunikaji tulikuwa sisi, tena kwa muhuri.

Na karatasi ile haikulala bure. Manusura alipojikaza akaenda kituoni mara ya pili, mume aliitoa mfukoni: hili tulishalimaliza kwa wazee. Aliyetakiwa kuchukua maelezo akaweka kalamu chini. Tulikuwa tumemwandikia mpigaji utetezi wake kwa mkono wetu, bila ada, kama sheria inavyotutaka.

Sheria haikuwahi kutuomba hayo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inasema vingine. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa kifungu hicho kilipoandikwa, na bado ziko kata ambako watu walikisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwetu. Sheria hiyohiyo inautaja ukatili, wa mwili au wa akili, miongoni mwa mambo yanayothibitisha kwamba ndoa imevunjika. Inasema pia kuwa hakuna shauri linaloweza kufunguliwa ili kumlazimisha mtu arudi kuishi na mwenzi wake. Hili tunalirudia kwa sababu tumeshuhudia mgambo akitumwa kumrudisha mke wa mtu kama ng'ombe aliyepotea.

Tunajua tutaulizwa habari ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Ni kweli, anayetaka talaka anatakiwa kupita kwanza barazani na kutoka na cheti kwamba usuluhishi umeshindikana. Hilo ni sharti la talaka. Kushtaki kipigo hakuhitaji cheti cha baraza. Mtu akipigwa rungu sokoni haambiwi akaanzie kwa wasuluhishi, na rungu halibadiliki kuwa kitu kingine likiingia chumbani. Hata kwenye talaka yenyewe sheria imeacha upenyo: mahakama ikiridhika kwamba mazingira si ya kawaida kiasi kwamba kupita barazani hakuwezekani, sharti hilo linaweza kuachwa. Tunawaomba mahakimu wauangalie upenyo huo kwa macho mapya. Mwanamke aliyekabwa koo wiki iliyopita hawezi kusema ukweli akiwa amekaa benchi moja na aliyemkaba, magoti yakikaribiana.

Penye upungufu napo tuseme. Uganda ina sheria yake ya ukatili wa majumbani tangu 2010 na Kenya tangu 2015, na chini ya sheria hizo manusura anaweza kuiomba mahakama amri ya ulinzi, mpigaji akakatazwa kumkaribia. Tanzania Bara haina sheria ya peke yake kwa jambo hili. Tunategemea Kanuni ya Adhabu, ambayo humfuata mtu kwa alilokwisha kulitenda, pamoja na Sheria ya Ndoa, ambayo zuio lake la kusumbuliwa linakuja na shauri la ndoa. Asiyetaka talaka wala kutengana, anayetaka tu asipigwe, hana pa kushika. Kuhusu kuingiliwa kwa nguvu ndani ya ndoa, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 inamtambua mke kuwa amebakwa na mumewe pale tu wanapokuwa wametengana. Wakiwa bado chini ya paa moja, sheria inageukia ukutani. Tunaliomba Bunge lizibe matundu hayo mawili. Wenzetu wa mashirika makubwa wamekwisha kuliomba kwa miaka mingi na kwa lugha nzuri kuliko yetu, kwa hiyo hatutakaa hapo sana.

Tunataka kukaa kwenye usiku wa kwanza.

Usiku huo, kwa tulivyoona, ndio unaoamua mengi. Nchi hii imefungua madawati ya jinsia na watoto zaidi ya 400 katika vituo vya polisi. Zanzibar ilianza huduma ya Mkono kwa Mkono mwaka 2011 katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, na Bara ikafuata mwaka 2013 katika Hospitali ya Amana, Ilala: daktari, polisi na mshauri wanakaa mahali pamoja ili mtu asisimulie aibu ileile kwenye korido nne. Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, MTAKUWWA, ulioanza 2017/18, umeshusha kamati za ulinzi hadi kwenye kata na vijiji, na awamu yake ya pili ilizinduliwa 2024. Hatuyabezi hayo, wengi wetu ni wajumbe wa kamati hizo. Lakini kati ya kitongoji na dawati kuna barabara, na usiku barabara ina bei yake. Bodaboda anataka nauli ya usiku. Pesa iko kwenye simu, na simu imebaki ndani. Kitambulisho kiko ndani. Dawa za mtoto ziko ndani. Mwanamke anasimama uwanjani kwa jirani na kanga moja, na jirani, kwa nia njema kabisa, anamwambia: tulia mwanangu, kutakucha, asubuhi tutaongea naye.

Asubuhi mpigaji ameamka, amelevuka, analia. Huruma inamgeukia yeye.

Kuna kikoba kimoja katika kata zetu, wanachama wake wengi ni wakaanga samaki, kilichotufundisha zaidi kuliko semina yoyote. Mwenzao alipotolewa nje usiku, waliamshana kwa simu, wakamlipia bodaboda, wakamlaza kwa mmoja wao, wakalipa daktari na kununua sare ya shule ya mtoto aliyekimbia na nguo za kulalia. Fedha ilitoka kwenye mfuko wa jamii. Tatizo lilikuwa daftarini, kwani katiba ya kikoba iliruhusu mfuko huo kutoa kwa msiba, ugonjwa na uzazi tu. Mweka hazina alifikiri, kisha akaandika: msiba. Tulipomuuliza nani alikufa, alisema hakuna aliyekufa, ndiyo maana fedha imetumika vizuri.

Tumeamua kuufuata mfano huo. Nyumba salama ya matofali hatuna, na hatutajidai tunayo. Katika kila kata yenye mwanachama wetu tutakuwa na nyumba za watu waliokubali kumpokea manusura kwa siku chache, mwenye nyumba akiwa hana udugu na upande wowote. Watakaozijua ni wachache: msaidizi wa kisheria, ofisa ustawi wa jamii au ofisa maendeleo ya jamii, na dereva mmoja wa bodaboda au bajaji ambaye nauli yake imekwisha kulipwa. Mume akija kugonga, mwenye nyumba hafungui wala hatukani. Anampigia mwenyekiti, anampigia jirani wa kulia na wa kushoto, watu wanajaa barazani. Mpigaji akiona watu huwa mpole ghafla. Wengi wao wana adabu sana mbele za watu, na adabu hiyo ndiyo inayotufanya tuseme hakupiga kwa kuwa hana akili zake. Akili anazo. Anajua nani wa kumpiga.

Tunavishauri vikoba viiandike haja hii kwa jina lake katika katiba zao, mweka hazina asilazimike kumzika mtu aliye hai. Na kwa mwanamke ambaye bado hajaamua kuondoka, tunashauri begi dogo kwa mtu anayemwamini: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto au nakala zake, kadi ya kliniki, namba ya NIDA, namba za simu zilizoandikwa kwenye karatasi, nguo, na nauli. Kuweka begi si kuvunja ndoa. Wavuvi wa pwani wanabeba makasia hata kwenye mashua yenye tanga.

Jirani anayegongewa mlango na bahati mbaya ya mwenzake naye tumpe ya kushika. Asiulize alifanya nini. Aulize anaumwa wapi. Kama amebakwa, asimpashie maji ya kuoga kwanza, ingawa mkono wa mama yeyote utakimbilia sufuria; maji hayo yatasafisha ushahidi. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye bahasha ya kaki au zifungwe kwenye gazeti, maana ndani ya nailoni unyevu huziharibu. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na zikianza mapema ndiyo bora. Watu husikia saa 72 wakadhani ni muda mrefu. Siku ya kwanza huisha kwa kulia na kujificha, ya pili kwa kikao cha ukoo, ya tatu ni Jumapili.

Aliyekabwa koo tunamwombea uangalifu wa pekee. Anaweza asiwe na alama hata moja shingoni. Sikiliza sauti kama imekwama, muulize kama kumeza kunamuuma, kama kuna dakika asizozikumbuka, kama alijikojolea. Huyo aende hospitali usiku uleule, hata akisema yuko sawa. Tafiti zimeonyesha kwamba aliyewahi kukabwa na mwenzi wake yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuja kuuawa na mtu huyohuyo. Kwenye madaftari yetu tulikuwa tukiandika "alimshika shingo", kama vile alikuwa akimfunga mkufu.

Fomu ya polisi namba tatu, PF3, haiuzwi. Ni karatasi ya ushahidi, daktari huijaza akieleza alichokiona, na mtu anayevuja damu hatakiwi kuachwa kwenye benchi akiisubiri. Tumesindikiza watu walioambiwa hospitalini warudi kituoni kwanza, kisha kituoni wakaambiwa waje na mtuhumiwa. Hatutaji mahali. Wanaohusika wakisoma hapa watajijua. Tunachoomba ni kwamba vituo vya afya vibandike ukutani, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, utaratibu wa kumhudumia aliyefanyiwa ukatili, na kwamba dawati la jinsia likifungwa jioni pawepo na ofisa aliyefundwa kazi hiyo kwenye zamu ya usiku. Vipigo vingi havifuati saa za ofisi. Kwa watoto, namba 116 inapigwa bila malipo, na kila mwalimu na kila dada wa kazi aijue. Tumemtaja dada wa kazi kwa sababu naye hupigwa ndani ya nyumba hizohizo, mara nyingine na mkono wa mama mwenye nyumba aliyepigwa asubuhi, na hakuna mkeka anaowekewa.

Kisha kuna ile kauli: si aondoke tu. Imo midomoni mwa wasomi kuliko mwa bibi zetu, na ina hatari yake. Wakati wa kuondoka, na wiki zinazofuata, ndipo wengi huuawa. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake na wasichana wapatao 51,100 duniani waliuawa na wenzi wao au watu wa familia zao, na Afrika ndiyo iliyokuwa na kiwango cha juu kuliko mabara yote. Mtu anayebaki huenda amepiga hesabu ambayo sisi hatukuipiga. Siri ya mtungi aijuaye kata. Hatutamshinikiza aondoke, kama ambavyo hatutamshinikiza tena abaki.

Hesabu hiyo ina vitu vinavyoonekana. Cha kwanza ni mahari. Binti anarudi kwao, baba anamtazama na kusema mahari imeliwa. Ng'ombe walimwozesha kaka yake, fedha iliezeka nyumba. Tunawaambia wazazi: mahari hainunui ruhusa ya kupiga, kifungu cha 66 hakikuweka bei. Cha pili ni watoto. Wanawake wengi wameaminishwa kwamba wakitoka watoto ni wa baba moja kwa moja. Sheria inatanguliza maslahi ya mtoto, na kwa aliye chini ya miaka saba inaanza na dhana kwamba kukaa na mama ndiko kheri yake, mpaka ithibitishwe vingine. Cha tatu ni mali. Tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakutoka na kitu katika shauri lile, ila waliomfuata wametoka na nyumba, viwanja na mbuzi kwa sababu yake. Msemo wa kwamba ulikuja na begi utaondoka na begi hauna nguvu ya sheria.

Halmashauri zina la kufanya hapa, tena si dogo. Asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mwanamke anapokimbia kata yake anakipoteza kikundi chake, na pamoja nacho mkopo, akiba na majina ya kumdhamini. Tunaomba uwepo utaratibu wa kumhamishia uanachama kimyakimya, bila kuandika anakohamia kwenye karatasi ambayo mumewe anaweza kuisoma kwenye mbao za matangazo. Uhamisho wa shule wa watoto uende vivyo hivyo. Na tunaomba kila halmashauri itenge fungu, hata dogo, la usiku wa kwanza: nauli, chakula, matibabu, malazi. Sasa hivi fungu hilo linatoka kwenye samaki wa kukaanga.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya kuletwa na kwamba jamii haibadiliki. Jamii inabadilika, tena karibu hapa. Uganda waliandaa mpango wa kuelimishana mitaani wakauita kwa neno la Kiswahili, SASA!, na utafiti uliofanywa Kampala na kuchapishwa 2014 ulikuta kwamba katika maeneo yaliyofuata mpango huo, wanawake walioripoti kupigwa na wenzi wao katika mwaka uliopita walikuwa pungufu kwa asilimia 52 ukilinganisha na maeneo mengine. Walioifanya kazi hiyo hawakuwa wageni wenye mabango. Walikuwa wakazi wa mtaa, wakiongea na watu wa mtaa, vibarazani, saluni, kwenye vijiwe. Mwanza nako wanawake wa vikundi vya mikopo walipitishwa kwenye vikao kumi vya mazungumzo kuhusu ndoa, nguvu na haki, na katika vikundi vilivyopitishwa kipigo kiliripotiwa kwa uchache zaidi kuliko katika vile ambavyo havikupitishwa.

Takwimu za taifa nazo zinasogea. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 ulikuta asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu wafikishe miaka 15. Ule wa 2022 ukakuta asilimia 27. Tunazipokea kwa furaha ya tahadhari, maana mwanamke anayehojiwa huku mume yuko chumba cha pili, majibu yake tunayajua. Kilichotukera katika ule wa kwanza ni kingine. Wanawake asilimia 58 walikubali kwamba ziko sababu zinazompa mume haki ya kumpiga mkewe. Wanaume waliokubali walikuwa asilimia 40. Wanawake wamewazidi wanaume kukubali! Hapo ndipo tunapowahitaji makungwi na masomo, watu wanaokaa na mwari siku nzima wakimfunda wakati sisi hupewa nusu saa kwenye mkutano wa hadhara. Neno vumilia lina heshima yake katika malezi yetu, linahusu njaa, kiangazi na maradhi. Halikuwahi kuhusu ngumi. Kungwi akiliweka wazi hilo, mwari atalikumbuka kuliko kifungu chochote tutakachomsomea.

Kwa masheikh na wachungaji tunaomba jambo moja tu: muumini akija na uso uliovimba, kabla ya mawaidha ya subira, mpelekeni hospitali. Mawaidha yatamkuta huko.

Wanaume nao hupigwa, na wachache wametufikia, wengi wao usiku na kwa mlango wa nyuma. Watapokelewa na kusindikizwa kwa taratibu hizihizi, na mwanachama atakayecheka ataeleza mbele ya kamati.

Tumekwisha kuambiwa kuwa tunavunja ndoa. Mzee mmoja alitusimamia kwenye mkutano wa kijiji akatuuliza tangu lini wasuluhishi wakakataa kusuluhisha. Tulimjibu kwamba ndoa ile tuliyoisuluhisha mara tatu haikuvunjwa na sisi, ilivunjwa pamoja na mkono wa kushoto wa binti yake. Hakukasirika. Aliomba kiti akakaa.

Mashauri ya vipigo ambayo bado yamo kwenye madaftari yetu, yale yaliyopangiwa kikao na yale yaliyokwisha kuandikishwa, tutayarudia moja baada ya jingine. Tutamwita manusura kwanza, peke yake, mahali atakapochagua. Tutamweleza kwamba karatasi aliyosaini haimzuii kwenda polisi, kwamba tuko tayari kumsindikiza, na kwamba tuko tayari kusimama kutoa ushahidi wa tulichokiona usoni pake siku ile, ikiwa ni pamoja na swali tulilomuuliza ambalo hatukupaswa kuliuliza. Akisema anataka kubaki nyumbani kwake, tutaandika namba yetu kwenye kipande kidogo cha karatasi kinachoweza kufichwa kwenye kadi ya kliniki. Mihuri ya chama iliyokuwa ikigonga makubaliano ya ndoa imekusanywa na iko ofisini, ndani ya kabati, na ufunguo anao mwenyekiti.

Limetolewa na mkutano mkuu wa chama, kwa kura ya wanachama wote waliohudhuria, na litasomwa kwa sauti katika mkutano ujao wa hadhara wa kila kijiji na kila mtaa tunakofanya kazi.